Majina Mengi, Redio Moja

Usiku wa tarehe 30 Julai 2010, waasi walioivamia Luvungi na vijiji jirani vya Walikale, mkoani Kivu Kaskazini nchini Kongo, walizishika barabara, wakakishika na kilima ambacho ndicho pekee kilichokuwa na rezo, yaani mtandao wa simu. Hakuna aliyeweza kupiga simu kuomba msaada. Kufikia tarehe 2 Agosti, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, watu wasiopungua 303 walikuwa wamebakwa katika vijiji 13.

Kwa mahali kama hapo kuna teknolojia inayotia matumaini: simu na redio ndogo zinazopokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, bila mnara. Adui akikamata kilima, ujumbe unapita bondeni. Lakini rezo isiyo na msimamizi humkaribisha kila ajaye. Mtu mmoja mwenye kifaa kimoja anaweza kujitangaza kuwa nodi (vifaa vya rezo) hamsini, akasema barabara ya kwenda Masisi, wilaya jirani, ni salama, na majina yote hamsini yakaitikia. Anaweza pia kuzimeza kimyakimya tahadhari zinazopitia kwake.

Mwaka 2002 John Douceur wa Microsoft Research alionyesha kwamba pasipo mamlaka ya kuthibitisha kila kitambulisho, hila hii, iitwayo shambulio la Sybil, haizuiliki kabisa katika mazingira halisi. Huko Masisi mamlaka hiyo ingekuwa nani? Kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho cha Mkongomani, na vita viliwanyima wakazi wengi wa Masisi nafasi ya kuandikishwa kwa uchaguzi wa 2023. Aliyekimbia kijiji chake bila karatasi hastahili kuhesabiwa mwongo.

Kumtaka kila mmoja aonyeshe mahali alipo nako hakutoshi. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamikia kuvurugwa na kughushiwa kwa mawimbi ya GPS Kivu Kaskazini.

Basi bora kuisikiliza redio yenyewe. Mwaka 2004 James Newsome na wenzake walipendekeza mtihani: kila jirani apewe chaneli yake ya kurushia, kisha msikilizaji achague mojawapo ya kusikiliza bila kumwambia mtu. Redio ya kawaida haiwezi kurusha kwenye chaneli mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo majina ya uongo hukutwa kimya.

Miaka miwili baadaye, Chris Piro, Clay Shields na Brian Levine waliangalia mwendo. Majina ya kifaa kimoja huonekana pamoja na kupotea pamoja kutwa nzima, ilhali watu halisi hutawanyika, huyu sokoni, yule shambani. Ni wazo zuri sana, ila Kivu linaweza kuumiza watu. Februari 2024, mapigano yalipoukaribia mji wa Sake, familia ziliandamana barabarani kuelekea Goma, watu na mizigo yao, na simu mifukoni zikisogea kwa mwendo mmoja. Programu isiyoijua vita ingezifuta simu hizo zote kama uzushi, saa ileile wenyewe walipohitaji kusikika.

Watafiti hao waliliona tatizo la makundi, wakaongeza kipimo cha pili: migongano. Redio nyingi za kweli zikiwa karibu, mara kwa mara mbili hurusha kwa pamoja na ujumbe ukagongana hewani. Redio moja yenye majina mengi haijigongi, kwa sababu hutuma jina moja baada ya jingine. Kwa hiyo migongano, ambayo mafundi huhangaika kuipunguza, ndiyo ingewatetea wakimbizi wa Sake.

Hata hivyo vijijini simu moja mara nyingi hutumiwa na jamaa na majirani, na hapo majina mengi kwenye kifaa kimoja ni ya watu kweli. Kwao kipimo cha redio kitatoa jibu lisilo sahihi. Rezo ya tahadhari ya Walikale ingepaswa kupitisha ujumbe wa kila jina, huku ikihesabu kifaa kama shahidi mmoja tu pale inapopima kama habari ya njia salama imethibitishwa.