Akili Bandia na Majani ya Muhogo: Namna Utafiti wa Chuo Kikuu Unavyofika Shambani

1. Utangulizi

Akili bandia huzungumzwa mara nyingi kwa jumla. Wengine huisifu kama dawa ya kila tatizo. Wengine huiogopa kama mgeni anayekuja kumnyang'anya mwenyeji kazi yake. Pande zote mbili huwa na kasoro moja: hazitazami kazi hata moja tangu chanzo chake hadi mwisho wake. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo. Yanafuata mfano mmoja wa utafiti wa chuo kikuu, yaani utambuzi wa maradhi ya mihogo kwa njia ya picha za majani, ili msomaji apate kuona mambo matatu: jinsi mashine inavyofunzwa, kwa nini ilifaulu maabara ikashindwa nje, na ni kazi gani inayobaki kwa wanadamu, hasa kwa wale wanaoshughulika na lugha.

Mfano huu umechaguliwa kwa sababu unaihusu Kongo moja kwa moja. Muhogo uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, nao ukaingia bara kupitia eneo la mto Kongo. Leo ndio chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu nchini: mzizi hutoa unga wa bukari, na majani hutoa sombe. Kwa hiyo ugonjwa wa muhogo huipunguzia jamaa chakula mara mbili, katika chungu cha bukari na katika chungu cha mboga.

2. Tatizo lenyewe

Maradhi mawili ya virusi ndiyo yanayosumbua zaidi. La kwanza ni batobato, ambalo hukunja majani na kuyatia mabaka ya kijani na njano. Lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Warburg katika eneo ambalo leo ni Tanzania. La pili ni michirizi ya kahawia, lililoelezwa na Storey huko Amani, Tanganyika, mwaka 1936. Kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa ugonjwa wa nchi za chini zilizo karibu na pwani. Lakini mwaka 2004 lilionekana tena Uganda, na mwaka 2012 ripoti ya kisayansi ilithibitisha kuwapo kwa virusi vyake mashariki mwa Kongo.

Virusi vya maradhi yote mawili huenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani. Lakini mtu naye huvieneza bila kujua. Muhogo haupandwi kwa punje. Hupandwa kwa vipande vya shina, na vipande hivyo hutoka katika shamba la mwaka uliopita au kwa jirani. Shina likiwa na virusi, mmea mpya huzaliwa mgonjwa. Tena hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya mmea uliokwisha kuambukizwa. Njia zilizopo ni kung'oa mimea iliyoathirika, kuchagua mashina safi na kupanda aina zenye kustahimili. Njia hizo zote zategemea sharti moja: mkulima autambue ugonjwa mapema.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa hila. Majani yaweza kuonekana mazuri, au yakawa na umanjano hafifu kando ya mishipa, kumbe mzizi ulio chini umekwisha kuoza na kugeuka rangi. Mkulima hugundua siku ya kuvuna, wakati ambapo hakuna cha kuokoa. Wataalamu wenye jicho la kutambua dalili hizo ni wachache, na mashamba ni mengi.

3. Jinsi mashine inavyofunzwa

Kwa kompyuta, picha ya jani ni jedwali la tarakimu. Kila nukta ya picha ina tarakimu tatu, za kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Tarakimu hizo hupitishwa katika mtandao wa neva bandia, yaani tabaka nyingi za hesabu ndogondogo. Tabaka za kwanza hutambua mambo mepesi, kama ukingo au doa. Zinazofuata huunganisha mambo hayo kuwa maumbo. Na tabaka ya mwisho hutoa jibu: batobato, michirizi ya kahawia, au jani zima.

Hakuna anayeiandikia mashine kanuni za ugonjwa. Huonyeshwa picha iliyokwisha kupewa jina na mtaalamu, ikabahatisha, na jibu lake likalinganishwa na lile la mtaalamu. Ikikosea, uzito wa hesabu zake hurekebishwa kidogo. Zoezi hilo hurudiwa mara nyingi mno, mpaka makosa yapungue.

Mtandao ulioanza bila kujua chochote ungehitaji picha nyingi sana. Kwa hiyo watafiti huchukua mtandao uliokwisha kufunzwa kwa zaidi ya picha milioni moja za vitu vya kawaida, kama wanyama, vyombo na magari, kisha huuongezea somo la mihogo. Mwanaisimu ataelewa hila hii kwa urahisi: aliyekwisha kujua Kibemba haanzi upya kujifunza ngeli anapokutana na Kiluba.

4. Kutoka maabara hadi shambani

Mwaka 2016 Sharada Mohanty, David Hughes na Marcel Salathé, watafiti wa vyuo vikuu vya Uswisi na Marekani, walitangaza matokeo yaliyovuta macho ya wengi. Walitumia picha 54,306 za majani ya mimea 14, zilizogawanywa katika makundi 38 ya mmea pamoja na ugonjwa au uzima wake. Mtandao wao ulipopimwa kwa picha za mkusanyiko uleule ambazo haujaziona, ulijibu sawasawa kwa kiwango cha 99.35%.

Lakini watafiti hao hawakuishia hapo, na katika hilo wanastahili sifa. Waliupima mtandao kwa picha zilizopigwa mahali pengine, na usahihi ukaanguka hadi 31% hivi. Sababu haikuwa mbali. Picha za mkusanyiko zilikuwa za jani mojamoja lililochumwa na kulazwa juu ya usuli wa rangi moja. Shambani majani hupishana, jua huwaka upande mmoja, na udongo, magugu na vivuli huingia katika picha.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi mwaka 2022, pale ilipoonyeshwa kwamba mashine iliyopewa nukta 8 tu za usuli wa picha zilezile, bila jani lenyewe, iliweza kutaja ugonjwa kwa usahihi wa 49%, ingawa kubahatisha tu katika makundi 38 kungetoa chini ya 3%. Maana yake ni kwamba usuli ulikuwa ukivujisha jibu. Mashine yaweza kufaulu mtihani kwa kutazama meza badala ya jani, mithili ya mwanafunzi anayekariri mpangilio wa majibu bila kuelewa swali.

Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa kwenda shambani. Amanda Ramcharan na wenzake, kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, walikusanya picha 2,756 katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo, Tanzania. Matokeo yao ya mwaka 2017 yalihusu maradhi matatu na madhara ya aina mbili za utitiri, nayo yalifikia usahihi wa 93%. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya simu iitwayo Nuru, inayoweza kufanya kazi pasipo intaneti.

Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, nacho kilifuata njia yake. Maabara yake ya akili bandia, ikishirikiana na wataalamu wa mazao wa Namulonge, ilikusanya picha ambazo nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe katika mashamba yao, kisha wataalamu wakazipa majina. Mwaka 2020 picha 21,367 za mkusanyiko huo zilitolewa kwa mashindano ya kimataifa, zikiwa katika makundi matano: maradhi au madhara manne, na jani zima.

5. Mashine, bwana shamba na mkulima

Kipimo cha haki si kuilinganisha mashine na ukamilifu. Ni kuilinganisha na watu ambao leo hii wanaifanya kazi hiyo. Kipimo cha namna hiyo kilifanywa Afrika Mashariki, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020 na Latifa Mrisho na wenzake. Kwa kutazama jani moja, Nuru ilifikia usahihi wa 65%. Mabwana shamba, yaani washauri wa kilimo, walifikia kati ya 40% na 58%; wakulima kati ya 18% na 31%. Watafiti waliobobea katika maradhi ya muhogo waliishinda mashine.

Tarakimu hizo zina mafunzo mawili. Kwanza, 65% ya shambani ina thamani kuliko 99% ya maabara, kwa kuwa inasema kweli juu ya kazi inayongojewa. Pili, Nuru ilipotazama majani sita ya mmea mmoja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya 74% na 88%. Dalili hazijitokezi sawasawa katika kila jani. Kwa hiyo marekebisho makubwa yalitokana na ujuzi wa tabia ya ugonjwa, wala si na ukubwa wa kompyuta.

Mipaka haina budi kutajwa pia. Dalili zikiwa hafifu, mashine hukosa zaidi, na dalili hafifu ndizo zenye faida kuzitambua mapema. Kamera haioni mzizi uliofichwa ardhini. Tena mashine iliyofundishwa majina matano hugawa ulimwengu wote katika majina hayo: ikionyeshwa jani lililopauka kwa uhaba wa rutuba, nalo halimo katika mafunzo yake, huelekea kulitia katika kundi mojawapo la matano hayo.

6. Suala la lugha

Katika hatua hii mwanaisimu hawezi kukaa pembeni. Mashine haijui ugonjwa. Inajua jina lililobandikwa juu ya picha. Jina likibandikwa vibaya, kosa hufundishwa kama ukweli.

Zaidi ya hayo, jibu la mashine halina faida mpaka limfikie mkulima kwa maneno anayoyaelewa. Nuru yenyewe imepewa jina la Kiswahili, na iliandaliwa kuzungumza na mkulima kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Lakini ni Kiswahili kipi? Msomaji wa Lubumbashi husema sombe pale ambapo mtu wa pwani husema kisamvu, na bukari pale ambapo mwenzake husema ugali. Tofauti hizo hazidhuru mtu mezani. Katika ushauri wa kilimo zaweza kudhuru. Mkulima wa Kongo asiyelijua neno pingili, akiambiwa asichukue pingili katika shamba lenye batobato, huenda akayala majani ya shina hilo kwa hofu au, vibaya zaidi, akalipanda bila hofu.

Hata jina la elimu yenyewe halijatulia. Wengine husema akili bandia, wengine akili unde, wengine akili mnemba. Bandia huleta wazo la kitu cha kuiga, kisicho halisi. Unde, linalotokana na kitenzi unda, husisitiza kwamba ni kitu kilichotengenezwa. Kwa mfano uliojadiliwa hapa, maana ya unde yakaribia ukweli zaidi, maana kila jibu la mashine limeundwa kwa kazi ya watu: aliyepiga picha, aliyelipa jani jina, aliyehesabu makosa.

7. Hitimisho

Mfano wa muhogo unaonyesha kwamba kuitumia akili bandia katika tatizo la kweli si kuichukua mashine iliyo tayari na kuipeleka kijijini. Ni kurudi shambani mara kwa mara kutafuta picha zinazofanana na maisha, kukubali tarakimu zinazoaibisha, na kuipima mashine mbele ya watu wale wale itakaowasaidia.

Vyuo vikuu vya Kongo vina sehemu yao katika kazi hii, na si lazima vingoje mitambo mikubwa. Idara za kilimo zaweza kukusanya picha za mihogo ya Katanga na Kivu, zikiwamo zile za dalili hafifu. Idara za Kiswahili zaweza kufanya lile ambalo hakuna mwingine atakayelifanya kwa niaba yao: kuwauliza wakulima wanaliitaje kila baka, kila mchirizi na kila kipande cha shina, na kuyaandika majina hayo pamoja na mipaka ya maana zake. Yasipoandikwa, mashine itakapofika itamwambia mkulima jina sahihi la ugonjwa kwa neno asilolijua, naye msimu unaofuata atapanda tena shina lilelile.