Likizo ya Juni: Mtoto akamwone tembo asiyekula mahindi ya nyumbani

Mtoto wa Kalemela hahitaji kufundishwa tembo ni nani. Anamjua kwa kelele za madebe yanayopigwa usiku, kwa mwanga wa tochi kule mashambani, na kwa uso wa mama asubuhi pale nusu eka ya mahindi inapokutwa imelala chini. Katika vijiji vingi vya Busega, Bariadi na Meatu mkoani Simiyu, vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, tembo si picha ya kwenye kalenda. Ni mgeni wa usiku asiyebisha hodi.

Kinachosikitisha ni kwamba mtoto huyohuyo anaweza kumaliza darasa la saba, hata kidato cha nne, bila kukanyaga ndani ya hifadhi iliyo jirani na kwao. Magari ya watalii anayaona barabarani. Mgeni aliyepanda ndege usiku kucha anamwona tembo akinyonyesha. Yeye anayeishi naye anamwona akifukuzwa tu, au anaona nyayo zake kwenye matuta ya viazi. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa shuleni kwamba wanyama ni urithi wa taifa, ataandika hivyo kwenye mtihani na kupata vema. Kuamini ni jambo jingine.

Likizo ya Juni inatoa nafasi ya kumwonyesha upande wa pili. Wazazi wanaoishi kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma wanaweza kupanga siku moja yenye vituo viwili: asubuhi hifadhini, jioni kwenye mahekalu ya Kihindu katikati ya jiji la Mwanza. Vinaonekana kama vitu visivyohusiana, lakini mtoto mwenye macho atamkuta tembo kote kuwili.

Asubuhi: Ndabaka

Lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara hiyo kuu, upande wa Bunda, ukishapita Lamadi. Kwa familia ya Kalemela ni mwendo mfupi wa gari. Ndiko unakoanzia ukanda wa magharibi wa Serengeti, ule unaonyooka kama mkono kuelekea Ziwa Victoria. Hifadhi nzima ina kilomita za mraba 14,763. Ilianzishwa mwaka 1951 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Hizo ni takwimu za kumwambia mtoto njiani. Akishaingia, hatazisikia tena.

Wazazi wengi huogopa gharama kabla hawajauliza. Kwa miaka kadhaa kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki kimekuwa shilingi 10,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Aliye chini ya miaka mitano hakulipiwa. Ni vizuri kuthibitisha viwango vya sasa kwa TANAPA kabla ya safari, na kubeba kitambulisho cha taifa, maana bila kuthibitisha uraia mtu anaweza kutozwa bei ya mgeni. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo, si kwa noti mkononi.

Kinachouma mfuko hasa ni gari. Hapo dawa ni ileile ya harusi na misiba, yaani kuchangishana. Familia tatu au nne, kikundi cha akina mama au kwaya ya kanisa wakikodi gari moja lililoinuka, gharama ya kila mmoja hushuka sana. Dereva awe anayeijua njia ya hifadhini. Udongo wa ukanda huu ni ule mweusi ambao kila mkulima wa pamba anaujua: ukikauka unapasuka, ukilowa unageuka sabuni. Juni mvua za masika zimeshapita, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuchagua mwezi huo.

Sababu nyingine ni nyumbu. Katika mzunguko wao wa mwaka, makundi yao makubwa hufika ukanda wa magharibi na kuuvuka mto Grumeti kati ya Mei na Julai hivi. Nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja, na husindikizwa na pundamilia na swala. Haina maana kwamba lazima wawe mbele ya lango siku familia inapofika, kwani wao hufuata mvua na majani, hawafuati kalenda. Asiyewakuta bado ataona nyamera, twiga, ngiri, nyati, viboko na wale mamba wakubwa wa Grumeti. Kwenye miti ya kando ya mto wapo mbega weusi wenye mikia myeupe, ambao watoto hucheka wakiwaona wakirukaruka kama wazee waliovaa kanzu.

Wapo pia mbung'o, nao hawana huruma. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi huwavutia, kwa hiyo mtoto avae kaki au rangi iliyofifia, mikono mirefu. Vyakula vibebwe kwenye vyombo, si mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Kushuka kwenye gari ni mahali paliporuhusiwa tu, na nyani wasirushiwe hata ganda la ndizi.

Kisha, tembo. Mzazi asiwe na haraka hapa. Dereva azime injini, watoto wanyamaze, watazame tu kwa robo saa. Wataona kwamba kundi haliongozwi na dume lenye pembe kubwa bali na jike mzee, bibi wa ukoo, anayekumbuka maji yako wapi wakati wa ukame. Wataona vichanga vikitembea chini ya matumbo ya mama na mashangazi. Tembo hubeba mimba kwa miezi 22 hivi, na mama yeyote aliyewahi kuhesabu tisa atasikitika naye. Madume yakishabalehe huondoka kundini. Mtoto akiuliza mbona wanakula tu, aambiwe kwamba tembo mzima anaweza kumaliza kilo 150 za majani na matawi kwa siku. Hapo ataelewa mwenyewe kwa nini shamba la mahindi yaliyokomaa ni kishawishi kikubwa: chakula kingi, kitamu, mahali pamoja.

Asidanganywe kwamba tembo ni rafiki. Aambiwe mambo mawili kwa pamoja. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufikia 2014 walibaki kama 43,000, na sababu kubwa ilikuwa ujangili wa meno. Huo ni msiba. Na mahindi yaliyoliwa Kalemela nayo ni msiba, mdogo kwa taifa, mkubwa kwa nyumba iliyopanda. Serikali ina kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina yenyewe yanasema ukweli: unafutwa jasho, hulipwi shamba. Hata hivyo mwenye kuharibiwa asikae kimya. Taarifa iende mapema kwa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori, uharibifu ukiwa bado unaonekana.

Jioni: Mtaa wa Temple

Familia itoke hifadhini kabla ya saa sita mchana, ile, kisha ishike barabara ileile kuelekea Mwanza kwa saa mbili tatu. Wenye nafasi wanaweza kusimama Kisesa na kupanda Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Kanada. Mtoto atakuta kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, na habari za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma ambavyo wachezaji wake hushindana hadi kwa kutumia chatu. Ni kituo kizuri cha kumwandaa kwa kinachofuata, kwa sababu atakuwa ameona kwamba hata kwao mnyama aliingia katika ngoma na heshima ya watu, si kwenye sufuria tu.

Mahekalu ya Kihindu ya Mwanza yako katikati ya mji, kwenye Mtaa wa Temple na maeneo ya kuelekea stesheni ya reli, yamechanganyika na misikiti na maduka ya zamani. Si ya kale kama yale ya India yenye zaidi ya miaka elfu moja. Kwa hapa kwetu hata hivyo ni ya kale vya kutosha kusimulia jambo linalomhusu kila mjukuu wa mkulima wa Simiyu, nalo ni pamba.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo wafanyabiashara wa Kihindi walisambaa kwa meli kuzunguka ziwa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Waliuza vitambaa, chumvi na majembe, wakanunua pamba na kujenga vinu vya kuchambulia. Uhusiano haukuwa wa sukari tu. Malalamiko ya wakulima kuhusu mizani ya wanunuzi ndiyo yaliyochochea vyama vya ushirika vya Usukuma chini ya Paul Bomani, vikaunganishwa mwaka 1955 kuwa Victoria Federation. Babu wa Kalemela ana upande wake wa hadithi, na mtoto anastahili kuusikia akiwa amesimama mbele ya hekalu lililojengwa na upande ule mwingine.

Wapo wazazi watakaosita, wakihofia imani ya mtoto. Hofu hiyo ni ya kuheshimiwa, na asiyetaka kuingia anaweza kuishia kwenye geti na kuona mnara na nakshi kutoka mtaani. Lakini kuzuru si kuabudu. Mtoto anayesoma na Wahindu, au atakayefanya kazi nao kesho, hapotezi chochote kwa kujua wanachokiheshimu.

Anayeingia aombe ruhusa kwa mtunzaji kwanza. Kwa kawaida mahekalu hufunguliwa asubuhi na jioni, mchana hufungwa, hivyo kufika saa kumi na moja au kumi na mbili jioni ni sahihi. Viatu huvuliwa mlangoni. Mabega na magoti yafunikwe, nyama isiingizwe, sanamu zisiguswe, na picha zisipigwe bila kuuliza.

Katika mahekalu mengi mtoto atamkuta Ganesha, mwenye mwili wa binadamu na kichwa cha tembo. Simulizi yake inafaa kabisa kwa watoto. Mama yake, Parvati, alimuumba ili amlinde mlangoni. Baba, Shiva, aliporudi akazuiwa na kijana asiyemfahamu, akamkata kichwa kwa hasira. Mama alipolia, kichwa cha tembo kikatafutwa na kupachikwa, kijana akafufuka. Wahindu humwomba Ganesha kabla ya kuanza safari, biashara au mtihani, kwa kuwa ndiye anayeondoa vikwazo. Anampanda panya, jambo ambalo watoto hulibishania njia nzima. Huenda wakamwona pia Durga juu ya simba, na Hanuman mwenye sura ya tumbili.

Hapo mtoto wa Kalemela atauliza swali gumu: kama kule wanamwomba, kwao halili mahindi?

Analila. Nchini India tembo huua mamia ya watu kila mwaka na kukanyaga mashamba ya mpunga na miwa. Wanakijiji wa Assam nao hukesha na madebe na tochi, na baadhi yao asubuhi hupeleka maua kwa Ganesha. Kumheshimu hakujawafanya waache kulinda shamba, wala kulinda shamba hakujawafanya waache kumheshimu. Wanajaribu pia mbinu ambazo wakulima wa Afrika Mashariki wanazijua: pilipili, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye uzio, maana tembo huogopa nyuki.

Ibada ya jioni ikianza, kengele hupigwa na taa ya samli kuzungushwa mbele ya sanamu. Mwishoni wageni hupewa kitu kidogo kitamu, aghalabu halua au tunda. Hupokewa kwa mkono wa kulia. Asiyetaka kukila kwa sababu ya dini yake anaweza kukataa kwa upole. Viatu hubaki vimepangana pale mlangoni, na kwa watoto wenye ndala za rangi moja ni vizuri mama aziwekee alama mapema.