Mguu ukifa ganzi, usinyamaze: ubongo huficha ugonjwa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu vya kazi na vumbi. Leo tuzungumze juu ya kitu kilicho chini ya kofia, yaani ubongo.

Kuna ugonjwa uitwao sklerosi ya mabaka. Mganga Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, Paris, aliueleza mwaka 1868. Fundi wa umeme ataufahamu upesi. Waya una shaba ndani na mpira nje. Mishipa ya fahamu nayo imefunikwa na ngozi ya mafuta. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuila ngozi ile. Palipoliwa hubaki baka gumu kama kovu, na habari za ubongo hupita pale kwa shida.

Ugonjwa huu huanza hasa kati ya miaka 20 na 40, ndio umri wa kazi, na hushika wanawake zaidi ya wanaume. Mwanzo wake unadanganya. Jicho moja linaona ukungu na linauma likigeuzwa. Mguu unakufa ganzi. Mtu anayumba, anachoka bila sababu. Baada ya majuma machache dalili zinapungua, pengine zinatoweka. Kapita anasema ulikuwa uvivu. Majirani wanasema alilogwa. Mgonjwa anasema amepona. Wote watatu wanakosa.

Kwa nini mtu aonekane mzima na huku ameharibika ndani? Kwanza, uvimbe hupungua na ngozi ile hujirudisha kidogo. Pili, ubongo hutafuta njia nyingine.

Fikirini barabara ya Butembo na Beni. Mvua ikiikata, madereva watazunguka kwa njia za kando. Mama anayenunua viazi sokoni Beni ataona mzigo umefika, atadhani barabara ni nzima. Hajui mafuta yaliyochomwa wala saa zilizopotea. Na siku njia za kando nazo zikikatika, soko litakauka ghafula.

Wataalamu waliwezaje kuona jambo hili ndani ya kichwa cha mtu aliye hai? Kwa mashine ya sumaku iitwayo IRM. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba mashine hii inaweza kufuata oksijeni ya damu katika ubongo, na sehemu inayofanya kazi huletewa damu zaidi. Mwaka 1995, kule Milwaukee, Marekani, Bharat Biswal na wenzake waliwapima watu waliolala tu bila kufanya lolote. Wakaona sehemu ya kushoto inayoongoza mkono na ile ya kuume zinapanda na kushuka pamoja.

Ni kama karani mmoja akihesabu malori Butembo na mwingine Beni. Hesabu zao zikipanda na kushuka pamoja kila saa, mtajua miji hii miwili inashirikiana, hata kama hamkuiona barabara. Ushirikiano wa namna hiyo ndio unaopimwa katika ubongo.

Mwaka 2000 watafiti wa Oxford, Uingereza, waliwapima wagonjwa wa sklerosi ambao mkono wao ulikuwa bado ukifanya kazi vizuri. Walipousogeza, upande wa pili wa ubongo ulisaidia zaidi kuliko kwa watu wenye afya. Njia ya kando hiyo! Tangu hapo, vipimo vya wagonjwa wa mwanzo havikufanana vyote: pengine ushirikiano umeongezeka, pengine umepungua. Kwa hiyo kipimo hiki ni cha utafiti, hakitoshi kumhukumu mgonjwa mmoja. Mganga hutegemea dalili, na IRM ya kawaida inayoonyesha mabaka.

Sisi wa Butembo na Beni tuko karibu kabisa na Ikweta, na ugonjwa huu ni wa nadra katika nchi za Ikweta kuliko Ulaya ya kaskazini. Lakini nadra si kusema haupo. Tena dalili kama hizi zina baba wengi: kifua kikuu cha uti wa mgongo, kisukari, ukimwi, mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, na zebaki, ile merkuri ya kukamatia dhahabu. Kila mmoja una dawa yake au kinga yake. Anayenyamaza hapati hata moja.

Basi shikeni haya:

1. Jicho likififia, mguu au mkono ukifa ganzi zaidi ya siku moja, nenda kwa mganga, hata kama dalili imeondoka. Uso ukipinda au upande mmoja ukilegea ghafula, usingoje hata saa moja.

2. Usingoje mashine. Mganga wa Kitatumba, Butembo, au wa hospitali ya Beni, anaanza kwa nyundo ndogo ya goti, sindano na taa ya macho. Hayo yanafichua mengi.

3. Andika tarehe ya kila dalili. Mara mbili au tatu zilizoandikwa humsaidia mganga sana.

4. Mwambie kapita. Asiyeona vizuri au anayeyumba asipande ngazi, asiendeshe gari, asiguse mashine inayozunguka.

5. Ewe kapita, usimwite mwenzako mvivu kabla mganga hajamwona.

Sklerosi bado haina dawa ya kuifuta kabisa, lakini zipo dawa za kupunguza mashambulio, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema, njia za kando zingali wazi.

Chombo kibovu hurudishwa ghalani, kipya kikatolewa. Ubongo hauna ghala.