Gari la Otomatiki Linapoanza Kuteleza

Ukitaja Masaki, watu wengi hufikiri ile ya Dar es Salaam, yenye majumba kando ya bahari. Lakini iko Masaki nyingine, wilayani Kisarawe, katika nchi ya mihogo, mananasi na mikorosho. Huku nako magari yamezidi. Baba aliyeuza korosho zake vizuri, au mama mwenye biashara ya mananasi, hununua motokaa ya kubebea mzigo na jamaa. Kwa kawaida si motokaa mpya. Ilitumika kwanza Japani, ikaja kwa meli, na pengine ikapita mikononi mwa watu wawili watatu kabla ya kufika kijijini. Na siku hizi nyingi ni otomatiki, hazina klachi ya mguu.

Basi, ndugu msomaji, tuchukue mfano. Baba mmoja anarudi Masaki jioni na gari lake. Saa ya kilometa inasoma 240,000. Anapopanda kilima, injini inavuma kwa nguvu, lakini gari haliongezi mwendo. Anafika nyumbani kwa shida. Asubuhi anamwita fundi, naye anakanyaga mafuta mara mbili tu, kisha anasema:

"Mzee, giaboksi imekufa. Tafuta nyingine."

Fedha zilizomo nyumbani ni za ada ya watoto na za kuezeka nyumba. Je, azitoe?

Jibu letu ni hili: asizitoe bado, wala asiendelee kuliendesha gari. Kuna maswali ya kuuliza kwanza, nayo yana utaratibu wake, kutoka lile la bei ndogo hadi lile la bei kubwa.

MAFUTA NDIYO MIKONO YA GIABOKSI

Yafaa kwanza tujue jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Mjerumani Hermann Föttinger alibuni mwaka 1905 namna ya kupitisha nguvu ya mashine kwa maji au mafuta badala ya vyuma kushikana. Alifanya hivyo kwa ajili ya meli. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza Hydra-Matic, giaboksi ya otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, ikafungwa katika magari ya Oldsmobile.

Ndani yake mna kitu ambacho mafundi hukiita konveta. Ni kama feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta. Injini huzungusha ya kwanza, mafuta yanasukumwa, nayo yanazungusha ya pili. Nyuma ya konveta mna pleti nyembamba nyingi. Pampu husukuma mafuta, na nguvu ya mafuta hayo huzibana pleti hizo ili gia ishike.

Kwa hiyo mafuta ya giaboksi si ya kulainisha vyuma tu. Ndiyo mikono inayoshika gia. Yakipungua, pampu huvuta hewa, pleti hazibanwi sawasawa, nazo huteleza. Zikiteleza hupata moto, na moto huziunguza. Ndiyo maana tunasema asiendelee kuliendesha: gari ambalo jana lilihitaji lita moja ya mafuta, kesho laweza kuhitaji giaboksi nzima.

MASWALI YA KUULIZA

La kwanza: mafuta yamo? Katika Toyota nyingi za zamani kuna kijiti cha kupimia. Gari liwekwe mahali tambarare, injini ipate moto na iendelee kunguruma, mguu ukiwa juu ya breki. Mkono wa gia upitishwe polepole kila mahali, kisha urudishwe P, ndipo upime. Magari mengine hupimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana kijiti kabisa, bali fundi hupima kwa kufungua skrubu chini. Kitabu cha gari ndicho kinachosema. Usijaze kupita alama, maana mafuta yakizidi hufanya povu, na povu halina nguvu ya kubana pleti.

La pili: mafuta yana rangi gani na harufu gani? Kwa kawaida yakiwa mapya ni mekundu. Yakizeeka huwa ya kahawia. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, pleti zimeanza kuungua. Yakiwa kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye rejeta, kwa kuwa katika magari mengi bomba la kupoza mafuta hupita humo.

La tatu: yanavuja wapi? Weka karatasi au boksi kuukuu chini ya gari usiku kucha. Asubuhi tazama doa. Mpira wa shilingi kidogo waweza kuwa ndio chanzo cha yote.

La nne: je, kweli ni giaboksi? Plagi mbovu huifanya injini ikwame kwame, na dereva akadhani ni gia. Zile raba zinazoshikilia injini zikikatika, gari hugonga kila unapoweka D au R. Breki zinazobana nazo hulifanya gari liwe zito mlimani. Gari likiwa na kompyuta, fundi alipime kwa mashine. Namba nyingi za makosa ya giaboksi huanza na P07. Pengine gari limejifunga kwenye gia moja ili kujikinga, na kosa ni waya au swichi ndogo tu.

Basi mzee wetu amwambie fundi kwa upole: "Mwanangu, kabla hatujafungua, umepima mafuta? Umeyanusa? Umelitia kwenye mashine?" Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kumpata mwenye gari anayeelewa.

JE, KUBADILI MAFUTA HUUA GIABOKSI?

Wengi husema: "Gari la kilometa nyingi usilibadili mafuta ya giaboksi, litakufa." Maneno haya yana sababu yake, ila yamegeuzwa. Watu wengi hukaa miaka bila kubadili, wakangoja mpaka gari liteleze, ndipo wakatia mafuta mapya. Gari likafa, lawama ikaangukia mafuta. Lakini pleti zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Mafuta mapya hayawezi kurudisha kilicholika.

Ikiwa gari bado linashika gia vizuri, na mafuta yamezeeka tu, yafaa kuyabadili kidogo kidogo. Ukifungua skrubu ya chini, katika magari mengi madogo hutoka lita 3 au 4 tu, nayo mengine hubaki ndani ya konveta. Endesha siku kadhaa, kisha rudia. Usikubali kusafisha kwa mashine ya kusukuma kwa nguvu katika giaboksi iliyochoka, maana uchafu waweza kuhama na kuziba vijia vidogo.

Tena, tia mafuta yaliyotajwa kitabuni, si yale yaliyopo dukani tu. Giaboksi ya CVT, ile inayotumia mkanda wa chuma, ina mafuta yake ya pekee. Mengine huiharibu upesi.

IKIWA IMEKUFA KWELI

Ikionekana pleti zimeungua, piga hesabu. Linganisha bei ya giaboksi na kazi ya fundi na thamani ya gari lenyewe. Ukinunua giaboksi iliyotumika, kwa mfano Kariakoo au Ilala, soma kwanza kile kibao cha chuma cha gari lako. Kwenye Toyota nyingi namba ya giaboksi imeandikwa hapo. Omba karatasi ya dhamana yenye tarehe na sahihi. Bomba la kupozea nalo lisafishwe, uchafu wa zamani usiingie katika mpya.

Na ukiamua kuliuza, mwambie mnunuzi ukweli. Naye ana watoto.

MAMBO MACHACHE YA KILA SIKU

Usihamishe gia toka D kwenda R kabla gari halijasimama kabisa. Ukiwa na mzigo mlimani, tumia 2 au L. Ukikwama kwenye tope, usicheze na D na R huku injini inavuma. Shuka, chimba, weka matawi. Usilivute gari la otomatiki kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yamegusa chini, maana injini ikizimwa pampu haisukumi mafuta. Na hapo unaponunua, usiiamini saa ya kilometa peke yake, kwa sababu hurudishwa nyuma. Tazama pia jinsi pedeli na kiti vilivyolika.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari la otomatiki ufa ni lile doa jekundu chini ya gari. Litazame kesho asubuhi, kabla ya kuondoka.