Saladi ya Dirishani na Mayai ya Tegu

Msafiri anayetoka Morogoro kwenda Iringa huitambua Ilula kwa matenga ya nyanya na vitunguu kandokando ya barabara kuu. Mboga haziadimiki hapa. Kwa nini, basi, mtu apande saladi ndani ya nyumba, katika ndoo iliyotobolewa?

Sababu moja ni tegu wa nguruwe, mnyoo aliyeenea Nyanda za Juu Kusini. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu isiyoiva vema hupata tegu tumboni, na mara nyingi hajihisi mgonjwa. Mayai hutoka katika kinyesi chake. Yakifika bustanini, kisimani au mikononi, kisha yakamezwa, lava hupenya utumbo, husafiri kwa damu na kujenga vifuko katika ubongo. Kifafa chaweza kuanza miaka kadhaa baadaye. Hivyo hata asiyeonja nguruwe maishani mwake aweza kuugua, na nguruwe anayezurura si chanzo cha mayai hayo. Naye ameyameza kutoka kwa binadamu.

Saladi huliwa mbichi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Klorini na siki si za kutegemewa dhidi ya mayai hayo. Kuosha jani mojamoja kwa maji safi yanayotiririka huyapunguza, moto huyaua.

Ndoo yenye udongo wa kina cha sentimita 15 yatosha, ikiwekwa penye mwanga wa dirisha. Mbegu hufunikwa kwa udongo kidogo sana, kwani huhitaji mwanga ili ziote. Joto likizidi nyuzi 27 nyingi hukataa kuota, taabu ambayo baridi ya Iringa huipunguza. Majani ya nje huanza kuchumwa baada ya wiki sita hivi. Samadi iwe imeoza kabisa. Dumu lililobeba dawa ya nyanya lisitumike kamwe, hata likisuguliwa vipi.

Ndoo, hata hivyo, haikingi dhidi ya tegu aliye tumboni mwa mpandaji mwenyewe: mikono isiyooshwa kwa sabuni huyafikisha mayai mezani. Anayeona vipande vyeupe, bapa, katika choo chake aende kituoni. Na mhudumu, kabla ya kumpa prazikwanteli, amuulize kama amewahi kuanguka kifafa au kuumwa kichwa kikali kisichoisha, kwa kuwa dawa hiyo yaweza kuchochea uvimbe kuzunguka vifuko vya ubongo. Akikubali, apewe kwanza rufaa kwenda hospitali yenye kipimo cha picha ya ubongo.