Stima ya Usiku Ina Bei Yake

Ikifika saa nne usiku, Nairobi huanza kupumua. Pasi zimeshapigwa, wapishi wameshaosha sufuria, maduka ya mtaani yamefunga milango, na mzigo uliolemea gridi ya taifa tangu jua kuzama unaanza kupungua. Mwaka 2025 mzigo huo wa jioni ulipita megawati 2,300, kiasi ambacho Kenya haikuwa imekifikia kabla ya hapo. Usiku wa manane huporomoka kwa mamia ya megawati.

Lakini Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini haulali. Kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni, kwa hiyo mvuke unaokosa mnunuzi usiku huachwa upae angani. Kaskazini, karibu na Ziwa Turkana, mitambo ya upepo yenye uwezo wa megawati 310 hupata upepo wake mkali usiku, wakati wateja wamejifunika blanketi. Jioni hali ni kinyume kabisa: Rais William Ruto amekiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hukatiwa umeme kwa sababu hautoshi. Nchi moja, siku moja, ina njaa ya stima jioni na inaimwaga usiku.

Huo ndio mwanya ambao bei ya kuchaji magari ilibuniwa kuuziba. Machi 2023, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, iliidhinisha orodha mpya ya bei iliyoanza kutumika Aprili, na ndani yake kukawa na kundi ambalo halikuwahi kuwepo: wateja wa usafiri wa umeme. Bei yao ya msingi ni shilingi 16 kwa uniti, na kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hushuka hadi shilingi 8, mradi matumizi yasizidi uniti 15,000 kwa mwezi. Katika orodha hiyohiyo, nyumba inayotumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi ilipangiwa shilingi 20.97.

Ukiziweka bei hizo mbili kando kwa kando, uamuzi unaonekana rahisi. Nani atalipa 20 akiweza kulipa 8? Ila bili ya stima ni kama nauli ya matatu siku ya mvua: iliyoandikwa si unayolipa.

Hesabu ya mita moja na mita mbili

Tuchukue familia ya Kitengela yenye Nissan Leaf iliyotoka Japani ikiwa imetumika, gari linaloonekana sana miongoni mwa magari ya umeme katika barabara zetu. Linakwenda kilomita 50 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani kilomita 1,300. Ukihesabu na stima inayopotea kama joto wakati wa kuchaji, gari hilo hula takriban uniti 18 za mita kwa kila kilomita 100. Jumla: uniti 234 kwa mwezi.

Familia hiyo, kabla ya gari, ilikuwa ikitumia uniti 80 kwa taa, friji, pasi na televisheni. Kwa orodha ya 2023 ilikuwa katika kundi la kati, uniti 31 hadi 100, kwa shilingi 16.30. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mteja wa nyumbani nchini Kenya hupangwa kwenye kundi kwa wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu, na bei ya kundi hilo hutozwa kwa kila uniti anayotumia, tangu ya kwanza. Gari likichajiwa kwenye mita ya nyumba, matumizi yanafika uniti 314, familia inapandishwa kundi, na ghafla hata taa ya sebuleni inalipiwa shilingi 20.97. Bei ya msingi kwa mwezi inakuwa shilingi 6,585.

Bei ya magari, kwa upande wake, hutumika kwenye mita ya pekee inayohesabu saa. Familia ikiwa na mita hiyo na kuchaji usiku tu, nyumba inabaki kwenye kundi lake kwa shilingi 1,304, na gari linalipiwa shilingi 1,872. Jumla ni shilingi 3,176. Tofauti ya mita moja na mbili ni kama shilingi 3,400 kwa mwezi, na sehemu ya akiba hiyo, shilingi 374, haitokani na gari hata kidogo. Inatokana na taa na friji kutopandishwa bei.

Juu ya bei ya msingi kuna msururu wa nyongeza: gharama ya mafuta ya mitambo, mabadiliko ya thamani ya shilingi dhidi ya dola, mfumuko wa bei, ada ya mamlaka ya maji, ada ya EPRA, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini na VAT ya asilimia 16. Nyongeza zinazohesabiwa kwa uniti hazibagui usiku na mchana. Ndiyo sababu anayetarajia risiti yenye shilingi 8 kavu atasikitika. Stima ya usiku huishia kuwa nafuu kwa shilingi nyingi, lakini si nusu ya bei ya mchana kama hesabu ya haraka inavyoahidi.

Je, mita ya pili inalipa? Inategemea kilomita. Tuseme mita, nyaya na fundi vimekugharimu shilingi 60,000. Familia yetu ya Kitengela itazirudisha kwa takriban miezi 18. Jirani yao anayeendesha kilomita 15 tu kwa siku, na ambaye nyumba yake inatumia uniti 80 vilevile, ataokoa kama shilingi 1,280 kwa mwezi. Atangoja karibu miaka minne. Huyo wa pili asikimbilie mita. Faida kubwa, kwake na kwa familia ya Kitengela, ilipatikana siku ya kuacha petroli: kilomita 1,300 za familia hiyo kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita ni lita 108, na kwa shilingi 180 na ushei zilizokuwa zikitozwa Nairobi katika nusu ya pili ya mwaka 2025, hiyo ni zaidi ya shilingi 19,000. Stima, hata ya bei ya juu, iko mbali chini ya hapo. Kuchagua bei ya usiku ni kuokoa juu ya akiba.

Soketi inatosha, saa ndiyo mali

Wauzaji wa chaja za ukutani hupenda kuzungumzia kasi. Chaja ya ampia 32 hutoa kama kilowati 7, na kwa familia yetu ingejaza uniti tisa za siku katika muda wa saa moja na robo. Ni vizuri, lakini dirisha la bei rahisi lina saa nane. Soketi ya kawaida ikitoa ampia 10 hutoa kilowati 2.4, ambazo kwa saa nane ni uniti 19, maradufu ya zinazohitajika. Anayelala nyumbani kila usiku hahitaji kasi. Anahitaji soketi iliyofungwa na fundi anayejua kazi, yenye waya mnene na swichi yake kwenye ubao wa fyuzi, kwa sababu mzigo wa saa nne mfululizo ni kitu tofauti na birika la dakika tano. Plagi inayochoma mkono asubuhi imekwisha kukuonya.

Kinachohitajika zaidi ni nidhamu ya saa. Ukichomeka waya saa moja jioni ukifika tu, hata kwenye mita ya magari unalipa shilingi 16, na unaongeza mzigo wakati ambao gridi imeelemewa. Leaf ina kipima muda ndani yake. Tatizo ni kwamba magari mengi yaliyotoka Japani yana skrini ya Kijapani, na mwenye gari hujifunza kwa kukariri: kitufe hiki, mara mbili, kisha kile cha chini kulia. Wengine hununua swichi ya saa ya kufunga ukutani, lakini lazima iwe ya kuhimili mzigo wenyewe. Zile za kuwashia taa za nje hazifai.

Na usiweke saa nne kamili. Bei ni ileile hadi alfajiri, kwa hiyo anayeanza saa saba usiku halipi zaidi. Mtaa wenye transfoma moja na magari kumi yote yakianza dakika ileile utajipikia giza.

Walikotangulia

Biashara hii ina umri. Uingereza ilianza kuuza stima ya usiku kwa bei ya chini mwaka 1978, kwa mpango ulioitwa Economy 7, wa saa saba za usiku. Magari ya umeme yalikuwa bado. Shabaha ilikuwa hita zenye matofali ndani, yanayopashwa moto usiku na kutoa joto mchana. Miongo minne baadaye kampuni ya Octopus Energy ikaleta mpango wa wenye magari. Leo soko hilo limejaa mipango ya aina hiyo: mwaka 2025, wakati kikomo cha bei ya kawaida kilichowekwa na mdhibiti Ofgem kwa Julai hadi Septemba kilikuwa takriban peni 25.7 kwa uniti, bei za usiku za wenye magari zilikuwa chini ya peni 10. Katika baadhi ya mipango mteja humwachia muuzaji uamuzi: unasema gari liwe tayari saa moja asubuhi, na kampuni ndiyo inayochagua dakika za kulichaji.

Waingereza wamejifunza mawili yanayotufaa. La kwanza, bei ya usiku mara nyingi hulipwa na bei ya mchana, kwa sababu kule nyumba na gari huwa kwenye mita moja. Tuseme mpango unakupunguzia peni 17 kwa kila uniti ya usiku na kukuongezea peni 3 kwa kila uniti ya mchana. Ili usipate hasara, angalau uniti 15 katika kila 100 lazima ziwe za usiku. Mwenye gari hupita hapo bila jasho. Anayefanyia kazi nyumbani na gari lake halitoki, hapiti. La pili, sheria iliyoanza kutumika huko mwaka 2022 inadai chaja mpya za nyumbani zije zikiwa zimepangwa kukwepa saa za mzigo mkubwa, na kila chaja isubiri muda wake wa bahati nasibu, hadi dakika 10, kabla ya kuanza. Ni dawa ya ugonjwa uleule wa transfoma ya mtaa.

Kwa majirani zetu, mambo hayafanani. Rwanda iliamua mwaka 2021 kwamba vituo vya kuchaji vilipie umeme kwa bei ya viwanda. Tanzania, kwa bei za shirika la umeme la TANESCO zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa kawaida wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, iwe adhuhuri au usiku wa manane. Kwake LUKU, mita ya kulipia kabla, haitofautishi saa, na kuamka usiku kuchomeka bajaji ni kujikosesha usingizi bure. Mtego wa Tanzania uko kwenye kundi la D1, la wanaotumia uniti 75 au chini kwa mwezi kwa shilingi 100. Pikipiki ya umeme inayokula uniti tatu kwa siku itamaliza uniti 90 kwa mwezi peke yake. Mwenye nyumba ya D1 anayemruhusu kijana wake wa bodaboda kuchaji uani anapaswa kujua kwamba huenda akapoteza bei yake ya chini kwa ajili ya betri ya mtu mwingine.

Nani anaifaidi

Nchini Kenya, walioielewa mapema bei ya saa nne usiku ni wenye magari mengi. BasiGo, iliyoanza kuendesha mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022, ina biashara inayooana nayo: basi hurudi kituoni usiku, linalala limechomekwa, na kabla ya abiria wa kwanza wa alfajiri limeshajaa. Kampuni za kubadilisha betri za bodaboda haziponi kirahisi hivyo. Mwendeshaji hufika na betri tupu saa sita mchana na anataka iliyojaa sasa hivi, kwa hiyo sehemu ya stima yao lazima inunuliwe kwa shilingi 16, isipokuwa wawe na akiba kubwa ya betri za kuchaji usiku na kuzitoa mchana. Na betri iliyokaa rafuni ni mtaji uliokaa bure.

Kisha yupo mpangaji wa ghorofa. Maegesho yake yako chini, mita yake iko kwenye chumba cha mita ambacho ufunguo wake anao mlinzi, na mara nyingi mita yenyewe ni ndogo iliyofungwa na mwenye nyumba, ambaye ndiye mteja halisi wa Kenya Power, kampuni inayouza stima. Hawezi kuomba mita ya pili kwa jina lake. Akitaka kuchaji, ni waya mrefu kutoka dirishani, jambo ambalo mlinzi atalikataza na ana haki. Anabaki na vituo vya kulipia, kwa bei ya mfanyabiashara. Uingereza nako ni hivyohivyo: anayechaji nyumbani hulipa VAT ya asilimia 5, anayechaji kituoni asilimia 20. Kwa hiyo stima rahisi zaidi ya usiku inamfikia mwenye geti na karakana, na wa ghorofa ya tatu analipia ghali gari lilelile.

Tiba yake haingoji EPRA. Bomba la kupitishia waya kutoka chumba cha mita hadi maegesho, likilazwa kabla ya saruji kumwagwa, ni gharama ndogo kwenye hesabu ya mjenzi. Likidaiwa baada ya vigae kuwekwa, ni nyundo, vumbi na ugomvi. Anayenunua nyumba kwenye mchoro leo, hata kama bado anaendesha petroli, na aulize swali hilo moja kabla ya kulipa arbuni.