Doa la zulia lisije likaleta msiba

MTOTO ametema chingamu kwenye zulia la sebuleni, mwenzake ameikanyaga, na sasa imenata kama gundi. Katika nyumba nyingi hapa Eldoret, dawa inayokimbiliwa ni mafuta taa au petroli. Huenda doa likatoka, lakini hatari hubaki nyumbani.

Hatari ya kwanza ni chupa. Mafuta taa aghalabu hutiwa katika chupa ya soda na kuwekwa sakafuni kazi ikiendelea. Mtoto mdogo aionapo hudhani ni soda. Akinywa hupaliwa, na matone machache yakipenya hadi mapafuni huyachoma na kusababisha nimonia. Si lazima anywe mengi.

Hatari ya pili ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi ukalifikia jiko. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa baridi ya Julai, jiko la makaa huwa limewashwa na madirisha yamefungwa.

Tatu, wapo wanaochanganya Jik na asidi ya kusafishia choo, au na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma macho na kifua, na kwa mwenye pumu unaweza kuua.

Zifuatazo ni njia salama:

• Chingamu: Weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki, uigandamize hadi iwe ngumu, kisha uibandue kwa kijiko au kisu butu.

• Nta ya mshumaa: Iache igande, kwangua, kisha tandaza karatasi ya kaki na upitishe pasi yenye moto mdogo. Karatasi itafyonza nta.

• Soda, asali au uji: Tumia maji vuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Anzia ukingoni ukielekea katikati, ukigandamiza kwa kitambaa bila kusugua. Jaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana.

Hatimaye suuza kwa kitambaa chenye maji safi, fungua madirisha na ulikaushe zulia vizuri, ikiwezekana juani. Zulia linalokaa na unyevu huota kuvu, nayo kuvu huamsha pumu.

Je, mtoto akinywa mafuta taa? Usimtapishe, kwa maana anapotapika mafuta huweza kuingia mapafuni. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha umkimbize hospitalini pamoja na ile chupa. Hapa mjini kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Usingoje ati kwa sababu anacheza. Kikohozi, kuhema haraka au usingizi usio wa kawaida huweza kuanza saa kadhaa baadaye, ndiyo maana daktari humweka chini ya uangalizi kwa saa sita au zaidi.

Mafuta taa na yakae katika chombo chake, juu kwenye kabati lenye kufuli. Na doa likikataa kabisa kutoka, sogeza meza juu yake.